Kidole Kimoja Kila Ramadhani

Fundi wa nguo anayeijua kazi yake hasomi namba kwa sauti. Hilo Zubeda alifundishwa na marehemu baba yake kabla hata hajaruhusiwa kugusa cherehani. Unamzungushia mteja mita kiunoni, unatazama, unaandika kwenye daftari, unafunga mdomo. Mteja hakuja kusomewa tumbo lake, alikuja kupendeza. Na kwa sababu Zubeda alikuwa na mdomo wa namna hiyo, wanawake wa mtaa wao wa Nyakabiga, Bujumbura, Waislamu kwa Wakristo, walimletea vitenge vyao miaka thelathini bila kumhama. Siku hizi anasema afadhali angezaliwa mropokaji.

Maana mtu ambaye Zubeda alimfichia namba kuliko wateja wote alikuwa mume wake mwenyewe.

Mohamadi aliuza vipuri vya magari mtaa wa Buyenzi. Mtu wa watu, kicheko chake unakisikia kabla hujakata kona. Suti ya harusi yao aliishona Zubeda kwa mikono yake, kitambaa cha bluu iliyokolea, na kiuno cha bwana harusi akakiandika kwenye daftari: sentimita sabini na tisa. Tangu mwaka ule, kila Idd, Mohamadi akishatoka kuswali na kuvua kanzu, alivaa suti ile kwenda kuwaamkia ndugu. Na kila nyumba aliyoingia ilibidi imsikie akisema kwamba yeye hakubadilika hata chembe, kwamba suruali ya harusi ingali inamkaa vilevile.

Mwaka wa tatu kifungo kilikataa. Zubeda alimkuta mbele ya kioo ameshika pumzi, anavuta huku anavuta kule, uso umemshuka kabisa. Akamwambia vua, nikupigie pasi. Akaenda nayo kwenye cherehani, akafungua mshono wa nyuma kwa wembe, maana fundi mzuri huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, akaitanua kidole kimoja, akashona, akapiga pasi kweli. Kifungo kikaingia. Mohamadi akasema umeona, ilikuwa ni kukunjamana tu, na Zubeda akacheka naye mpaka machozi. Kwa mwaka ule hakuna wa kumlaumu. Tatizo ni hiyo miaka mingine yote iliyofuata.

Watu wengine Ramadhani huwakondesha. Mohamadi ilimnenepesha, kwa futari za Zubeda mwenyewe: sambusa, chapati za mafuta, samaki wa mukeke wa kukaanga, uji mzito wa sukari, na daku juu yake. Basi kila kumi la mwisho la mwezi, mume akiwa msikitini, Zubeda aliitoa suruali sandukuni na kuipima kwa jicho. Kidole kimoja. Akiba ya mshono ilipokwisha, alichukua kile kipande cha kitambaa kilichobaki tangu harusi, akakianika juani wiki nzima kipauke, kilingane na suruali, kisha akakata vipande vyembamba na kuviingiza ubavuni, ndani kabisa, mahali koti, ambalo siku zote alilivaa wazi, linapofunika. Mwanaume gani anakagua mishono ya suruali yake? Na siku za kawaida Mohamadi alikuwa mtu wa kanzu, na kanzu haimwambii mtu kitu.

Tena nani angemwambia? Katika ukoo wao tumbo la mume ni sifa ya mke. Wifi yake, Khadidja, kila akija alimpiga kaka yake kikofi cha tumboni na kumshukuru Zubeda kwa kumtunza. Jirani mmoja ambaye mume wake alipungua kidogo tu aliandamwa na maswali mtaa mzima: ni maradhi, au ni njaa, au ndani hakulaliki? Zubeda aliyasikia yote hayo akiwa kwenye cherehani yake, akajiambia kwamba kwake hayatafika. Na kweli hayakufika.

Mwaka juzi Mohamadi alianza kuhema akipanda ngazi nne za kwao. Usiku akikoroma anakatika, kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Zubeda akamsumbua wiki tatu mpaka wakaenda zahanati moja upande wa Kamenge. Pale walimpata daktari msichana, jina lake Gaëlle, mpole lakini haogopi mtu. Akampima presha, ile ambayo watu wa Bujumbura wanaiita tansio: kumi na saba kwa kumi na moja, yaani mia moja sabini kwa mia moja na kumi. Akampandisha kwenye mizani: kilo mia moja na kumi na mbili. Sukari ilikuwa mpakani. Halafu akatoa mita, mita ileile ya mafundi, akamzungushia kiunoni. Zubeda akageuza uso ukutani. Daktari akasoma kwa sauti: mia moja na kumi na saba.

Gaëlle akawaeleza taratibu. Mafuta yanayokaa kiunoni, alisema, hayakai bure, yanapandisha tansio, yanavuruga sukari, yanachafua damu, na mzigo wote huo unaubeba moyo. Akamuuliza Mohamadi, yeye aliyeuza vipuri, ukiipakia gari ndogo shehena ya lori, haitaondoka? Itaondoka. Lakini mpaka lini? Kisha akasema neno ambalo Zubeda analikumbuka kuliko yote, kwamba si lazima awe mwembamba kama kijana. Kilo tano zikitoka, kumi zikitoka, tansio yenyewe itaanza kushuka. Akamwandikia dawa, akamwambia atembee kila siku, apunguze mafuta, chumvi na soda.

Kisha akauliza hizo kilo zilianza kuongezeka lini.

"Azijaongezeka, Docteur," Mohamadi akasema kwa kujiamini. "Mi ni mutu wa mwili mukubwa tangu ujana, ndivyo Mungu aliniumba. Pantalo ya harusi yangu, miaka makumi tatu sasa, naivaa kila Idd. Uliza mama Ilias, ni yeye alishona."

Daktari akamgeukia Zubeda. Chumba kilikuwa kidogo, cha watu watatu tu, na wote wawili wanamngoja yeye. Angesema neno moja. Angesema sabini na tisa, basi. Lakini alimtazama mume wake, ule uso wa Idd, akaona jinsi utakavyomshuka mbele ya binti mdogo kuliko mtoto wao wa kumzaa.

"Ni ileile, Docteur," akasema.

Wala hakusema uongo, ndiyo maana linamkereketa hivi. Ilikuwa ni ileile.

Gaëlle akasema hata kama mwili ni wa tangu zamani, tansio ni tansio. Ila Mohamadi alikwisha kupata hoja yake. Njiani aliishika mpaka nyumbani: kama kiuno hiki alikuwa nacho siku ya harusi na hakikumwua, kitamwua leo kwa sababu gani? Hao wa siku hizi wanasoma mno. Dawa alikunywa mwezi mmoja, zikaisha, hakurudi. Kutembea, alitembea siku tano. Zubeda akimkumbusha, alimjibu kwa kucheka kwamba suruali ndiyo shahidi. Na Ramadhani iliyofuata, Mungu amsamehe, Zubeda alikaa kwenye cherehani akaitanua tena. Alishakuwa kama mtu aliyeanza uongo na sasa hana mlango wa kutokea.

Miezi mitatu baada ya Idd ile, asubuhi, dukani, Mohamadi alisema kifua kinambana. Akadhani ni gesi, akaomba soda baridi. Jasho likamtoka mpaka kanzu ikalowa. Walimkimbiza hospitali, na kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Moyo, walisema. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Zubeda alikaa eda miezi minne na siku kumi, na watu walimfariji kwa maneno aliyotamani wasiyaseme. Walimwambia alimtunza vizuri. Walimwambia mume alikufa ameshiba. Khadidja alilia shingoni kwake akisema kaka yangu hakuwahi kukonda mikononi mwako hata siku moja, na Zubeda akaitikia tu, amina.

Eda ilipokwisha, Jumapili moja mchana, Ilias alikuja. Ni mwanawe wa kwanza, ana miaka ishirini na tisa, anafanya kazi ya ofisi, anakaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni, na ana kicheko cha baba yake. Alikuwa amemposa msichana anayeitwa Hayat, harusi iko karibu, na alikuja na ombi. Alitaka kuoa na suti ya Papa, ile ya marehemu baba yake. Zubeda akamwambia imechakaa, atamshonea mpya. Ilias akasema apana, anataka ileile. Akaingia chumbani, akafungua sanduku mwenyewe.

Akatoka ameivaa. Ilikuwa imemkaa, na kiunoni pakabaki nafasi ya kuingiza ngumi. Akajitazama kwenye kioo kilekile, akajipiga ngumi tumboni kwa furaha.

"Mama, kumbe mi ni mwembamba kuliko Papa siku ya harusi yake," akasema. "Na watu wananisumbua eti nimenenepa. Sisi ndivyo tunaumbwa."

Maneno yaleyale. Zubeda aliyasikia yakitoka kinywa kingine. Akajua kwamba akinyamaza sasa, siku moja atamzika na huyu.

Akamwambia avue, akae karibu naye. Ilias akabadili, akavaa suruali aliyokuja nayo, akaketi. Zubeda akaiweka ile ya bluu magotini, akachukua wembe, akaanza kufungua. Hakuwa na haraka. Kipande cha kwanza akakiweka mezani, akasema huu ni mwaka jana. Kingine, akasema huu ni mwaka aliozaliwa mdogo wako wa mwisho. Ilias mwanzoni alitabasamu, akidhani mama anamkumbuka marehemu kwa namna yake. Vipande vilipofika saba, tabasamu likaisha. Akafungua na mshono wa nyuma mpaka akiba ya kwanza kabisa, akakirudisha kiuno mahali kilipokuwa, akaitandaza suruali mbele ya mwanawe. Kiuno kile kilikuwa cha kijana wa shule.

"Hiyo ndiyo pantalo ya harusi ya baba yako," akasema.

Ilias aliishika, akaigeuza. Akauliza kama Papa alijua. Zubeda akasema hakujua. Akauliza kama daktari aliambiwa. Zubeda akamsimulia chumba kile cha Kamenge, na neno alilolisema, na kwamba hakuna siku inayopita asirudi mlangoni pale kulichukua. Hakulia. Alisema yote kwa sauti ya kawaida, mikono imelala juu ya vile vipande.

Zubeda akangoja amtukane, au aondoke, na moyoni alikuwa radhi kwa lolote. Lakini macho ya kijana yalikuwa yameshuka, yanatazama suruali aliyoivaa yeye mwenyewe, ile ya kazini, ambayo kila mwezi huileta kwa mama kupigwa pasi.

"Mama. Na hii?"

"Vidole vitatu," Zubeda akasema. "Tangu upate kazi."

Akasimama. Mama akadhani ndiyo anaondoka. Ilias akanyoosha mkono, akaivua mita shingoni mwa mama yake, akamwekea kiganjani, akapandisha shati na kuinua mikono yote miwili, kama alivyofanya utotoni akipimwa nguo za Idd.

"Nipime," akasema. "Na uisome."

Zubeda akamzungushia. Akarudia mara mbili. Akaitazama namba, na kwa mazoea ya miaka thelathini mkono wake ukaanza kutafuta daftari.

"Mia moja na saba," akasema chini chini.

"Sauti, Mama."

"Mia moja na saba," akasema, na safari hii hata jirani wa upande wa pili wa ukuta alisikia.