Ndoa Kabatini

Mfalme Luwi wa Kumi na Sita walimkata kichwa Wafaransa wenyewe, mchana kweupe, na dunia haikusimama. Lakini kabati la mtindo wake, ambalo babu ya mama mkwe wangu alilinunua kwenye mnada wa kasri la pasha, hakuna mwenye ruhusa ya kulikata hata ukucha. Sisi hapa mtaani Shubra kabati la namna hiyo twaliita nishi. Bibi harusi lazima aingie nalo kwa mumewe, limejaa vyombo vya kaure ambavyo haruhusiwi mtu kuvilia chakula. Usiniulize kwa nini. Mimi niliuliza, nikatukanwa.

Siku ya ndoa ya binti yangu Nashwa, nishi lilikwama mlangoni.

Lilipandishwa kwa kamba hadi roshani ya nyumba ya maharusi, ghorofa ya nne, vyombo vikiwa humo humo, vimefungwa pamba na matambara, maana mama mkwe wangu, Bibi Fikriya, hakutaka mkono wa mtu uviguse. Likaingia ukumbini salama. Kisha bibi akataka likae chumba cha ndani, mbali na jua. Wapagazi wakasukuma, na bwana harusi, Lutfi, akajitia ushujaa, akatangulia chumbani ili avute. Mguu mmoja wa nyuma, mwembamba, uliochongwa mifereji kama muwa uliomenywa, ukazama kwenye ufa wa kizingiti. Halikwenda mbele, halikurudi nyuma. Milango yake ikatutazama sisi ukumbini, mgongo wake ukamtazama Lutfi. Chumba kile kina dirisha moja, nalo lina nondo.

"Mzee!" Lutfi akaita kutoka ndani. "Nimefungwa!"

"Nakuona," nikasema, ingawa sikumwona.

Nikaagiza msumeno. Lo! Bibi Fikriya akajitandaza mbele ya nishi, mikono miwili, kifua mbele, akanifokea.

"Shafiki! Umkate huyo kijana kwanza! Wachumba wapo wengi, nishi ni moja!"

"Mama, alfajiri anapanda ndege kwenda Kuwait. Likizo nyingine mwakani."

"Mwakani si mbali."

Nashwa, na gauni lake jeupe, akaanza kulia. Mwanangu huyo amemngoja Lutfi tangu alipokuwa hana hata kitanda, na leo yuko upande wa pili wa mbao. Moyo uliniuma, nusura niuchukue ule msumeno kwa meno.

Sheikh wa kufungisha ndoa alikuwa ameshakaa, anakunywa sharubati. Akasema kisheria hakuna tatizo: bwana harusi atajibu kutoka huko huko, sauti inatosha.

Mama yake Lutfi akasimama. "Sauti? Sheikh wangu, nishikiwe mkono wa mwanangu, ufunikwe leso, watu waone! Sikutoka Tanta kuja kumwozesha mwanangu kwa kabati!"

Na hapo, wallahi, sikuweza kubisha. Kwetu baba wa binti na bwana harusi wasiposhikana mikono chini ya leso nyeupe, majirani watasema nini? Watasema tumemwoza binti kwa simu.

"Basi mkono upite ndani ya nishi," akasema Nashwa huku akijifuta pua. "Tufungue milango, Lutfi abandue ubao wa nyuma."

Wote wakamgeukia bibi. Ufunguo wa nishi hukaa kifuani mwa Bibi Fikriya, na sijapata kuuona ukitoka. Nashwa akapiga magoti mbele yake, akaushika mkono wake, akaubusu.

"Bibi, nisipoolewa leo, nishi hili nitalipeleka kwa nani?"

Bibi akalitazama nishi, akamtazama mjukuu wake. Kisha akaingiza mkono kifuani.

"Atakayegusa sahani, nisizikwe naye!"

Milango ikafunguliwa. Lutfi kule nyuma akaubandua ubao kwa ncha ya ufunguo wa nyumba, na kila msumari ulipolia, bibi naye alilia. Hatimaye, katika sehemu ya chini, nyuma ya bakuli kubwa la supu, vikatokeza vidole. Nikalala kifudifudi na suti yangu mpya, nikaingiza mkono, nikavikamata. Sheikh akainama, akatutandikia leso yake.

"Sema: nimekuoza binti yangu Nashwa."

"Nimekuoza binti yangu Nashwa."

"Nimekubali!" Lutfi akapiga kelele, na kwa furaha akautikisa mkono wangu mara moja tu, lakini kwa nguvu. Bakuli la supu likateleza, likaanguka sakafuni, pwaa!

Bibi Fikriya alivitazama vile vigae, akanitazama mimi.

"Shari imevunjika," akasema polepole, kama tusemavyo sote kioo kinapovunjika, kwamba balaa limeondoka nacho. Kisha akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele kilichoshtua njiwa wa jirani.

Wanawake wakampokea, nami nikajitoa kabatini nimejaa vumbi. Nashwa akakusanya gauni.

"Nipishe, Baba."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mume wangu."

Akainama, akaingia palipokuwa na bakuli. Shela yake ikanasa kwenye shada la shaba lililopigiliwa mlangoni, mama yake Lutfi akainasua. Viatu vyeupe vikapotea. Tukasikia kicheko huko nyuma. Bibi Fikriya akafunga milango, akageuza ufunguo, akaurudisha kifuani.

"Mama! Mtoto wangu yumo humo!"

"Yuko kwa mumewe. Nishi tutalinasua alfajiri, wakishaagana, awahi ndege yake."

Nikakaa chini pale pale, leso mkononi. Sheikh akanigusa bega kwa adabu, akasema leso ni yake, ana ndoa nyingine mtaa wa pili. Nikamwambia angoje, kwanza nimalize kulia.