Sajenti Ana Maziwa

Idd ya pili, Makindye nzima ilikuwa imelegea kwa shibe. Watu walilala mchana kweupe bila aibu, na Munirah naye alikuwa amesinzia jikoni kwa shangazi yake Habibah, miguu kainyoosha, kando ya kizimba cha waya chenye sungura mmoja wa mwituni.

Sungura wa aina hiyo ndio waliomtia wazimu mwaka mzima. Munirah alikuwa mtafiti wa chuo, na alitaka kujua jambo moja tu: sungura wa kile kilima cha mawe juu ya ziwa, ambako bado hakujajengwa, wanazalia wapi? Alijua wanakula nyasi gani na wanajibanza kwenye mwamba upi. Alijua hata kwamba hula tena mavi yao laini, ili tumbo lifaidi chakula mara ya pili. Lakini shimo la kuzalia? Wapi! Mama huchimba kishimo kifupi, huzaa humo, hukiziba kwa udongo na nyasi, kisha huyo, huenda zake. Hurudi mara moja tu kwa siku, giza likianza kuingia, hunyonyesha chapuchapu na kuziba tena. Unaweza kusimama juu ya mlango wake ukapiga soga na usijue.

Jana alfajiri mtego wake ukanasa. Munirah alimgeuza sungura, akamkagua, akasema ni dume. Maabara ilikuwa imefungwa kwa sikukuu, basi akamleta nyumbani kungoja kola ya redio, ambayo ingefika kesho kutoka Nairobi. Wangemvisha shingoni, wamfuate kila aendako.

Shangazi Habibah, mjane wa mwanajeshi, aliyatazama masharubu ya mgeni akacheka mpaka akashika mlango.

"Huyu Sajenti kabisa! Amekosa kofia tu."

Jina likaganda. Wageni wa Idd nao hawakuwa nyuma: "Munirah, unamfuga au tumtie kwenye pilau?"

Sasa wageni wamekwenda, nyumba kimya, na Munirah anaota. Aliota amelala kifudifudi kwenye nyasi, na chini ya sikio lake udongo unapumua, taratibu, pumzi ndogondogo. Akafukua. Kila alipofukua, udongo ulirudi wenyewe, laini na wenye joto, wala hakukasirika. Angeweza kufukua hivyo maisha yake yote.

Alipoamka, Sajenti alikuwa amejikunyata pembeni, mchicha hajaugusa. Akamtoa ampime. Kiganja kikalowa. Mkojo, alidhani. Akanusa.

Jamani, kukosea dume na jike kwa sungura si ajabu. Wakubwa wa kazi hiyo hukosea, maana zile sehemu zimefanana mno. Lakini mwambie hayo mtu mwenye maziwa ya mama wa watu mkononi.

"Shangazi!"

"Nini tena, amekung'ata?"

"Sajenti ana maziwa."

Habibah alikaa chini pu. "Yarabi! Na watoto?"

"Wamezibwa shimoni. Jana hakwenda kuwanyonyesha. Leo asipokwenda, basi."

Alimpigia simu msimamizi wake, Daktari Ojera. Mzee wa watu alifurahi hadi sauti ikapasuka. "Jike anayenyonyesha! Munirah, usimwachie! Kesho tunamvisha kola, anatupeleka mpaka mlangoni."

"Kesho watakuwa wamekufa, Daktari."

Daktari akasema polepole, "Bila kola hutampata tena. Utafiti ni wako, binti yangu. Amua mwenyewe."

Habibah hakutoa shauri. Alifunika kizimba kwa leso yake ya Idd, akaenda kuita bodaboda.

Kilimani ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda, na jua limebaki wekundu tu. Njiani Munirah alikuwa amepata akili, akajiona mjanja kwelikweli: atamwachia, atajibanza kwenye mawe, atamtazama akienda shimoni. Watoto watanyonya, na yeye atauona mlango. Nani atalalamika?

Alifungua kizimba. Sungura alichupa, akachupa tena, akasimama kando ya mwamba. Akatulia. Jicho lake moja, jeusi, lilimtazama Munirah.

Munirah naye akatulia. Ukungu ukawafunika wote wawili, ukafunua, ukafunika. Sauti za mji zikafifia. Ikafika mahali hakujua ni nani kati yao anapumua, na angekaa hapo mpaka mwisho wa dunia, kwa raha, kama ndotoni. Ila sungura hakusogea. Giza lilikuwa likiingia, saa yake ya kunyonyesha ndiyo hiyo, na hakusogea.

Ndipo moyo ukamwuma. Hakuna mama sungura anayefungua mlango wake mbele ya macho ya mtu. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wanafunzi hivyo! Na kama hakimbii, basi mlango uko hapa hapa, mahali fulani karibu na magoti yake. Alilia, kwa uchungu hasa, akiomboleza mwaka wake.

"Haya, mama," alisema. "Naondoka."

Akainuka, akageuka, akashika njia ya mbuzi. Hakufika mbali, nyasi zikachakarika nyuma yake. Kisha kucha zikaanza kukwangua udongo, haraka haraka, karibu kabisa. Angegeuza shingo tu, kila alichokitafuta kingekuwa chake.

Munirah alifumba macho, akateremka hivyo hivyo, akipapasa njia kwa miguu.