Sarhani Amenipanda Kichwani

Nadhira binti Abdurahman hakuwa akimwogopa jini, sembuse mwandishi. Mchana aliuza dawa katika famasi moja ya Msambweni, akiwaelekeza wagonjwa kumeza vidonge kwa sauti ya upole ambayo ungedhani haijawahi kumkaripia mtu. Jioni, akishaoga na kuswali, alijitupa kwenye kitanda cha kamba nyumbani kwa shangazi yake, akafungua simu na kuwachambua waandishi wa riwaya za majini kama mtu achambuavyo mchele wenye mawe.

Riwaya zenyewe zilikuwa za mapenzi: binadamu na jini, jini na binadamu, na mara moja majini wawili waliokuwa wakigombea mke wa chifu. Ziliuzwa kwa simu, kitabu baada ya kitabu, na mfululizo mmoja uliweza kufika kitabu cha saba kabla wapenzi hawajashikana mkono. Nadhira alisoma yote. Halafu alirekodi uhakiki wake kwa sauti, akautuma kwenye kundi la wasomaji, watu wa kutoka Lunga Lunga hadi Likoni, ambao wengi wao walikuwa wakiungoja uhakiki kuliko kitabu. Alama alizitoa kwa mahamri. Kitabu kizuri kilipata mahamri matano na mbaazi juu. Kibaya kilipewa hamri moja, la jana.

Mwaka huo mfululizo uliotamba ulikuwa *Harusi ya Pangoni*, wa mwandishi aliyejiita Binti Mikoko. Humo mlikuwa na jini aitwaye Sarhani, mkazi wa mapango ya Shimoni tangu enzi, aliyempenda mwalimu wa nasari.

"Jamani, kitabu cha kwanza Sarhani ana kwato," alilalamika Nadhira kundini. "Tumezisikia zikigonga sakafu, tumetetemeka, tumefurahi. Kitabu cha tatu huyo, amevaa viatu vya ngozi! Kwato zimekwenda wapi? Zimeng'oka? Na kitabu cha nne anahangaikia viza ya Dubai. Mtu anapita ukutani, viza ya nini? Hamri moja, tena nusu yake nimekula mwenyewe."

Watu walicheka wakamwaga chai. Kisha kikatoka kitabu cha tano, na Nadhira, mtu wa kuona kasoro hata kwenye khanga mpya, akashindwa. Kilikuwa kizuri mno. Sarhani alikuwa amekaa kitako mlangoni mwa yule mwalimu, usiku kucha, akimsikiliza akieleza habari za watoto wa darasa lake, na hakumkatiza hata mara moja. Nadhira alilia akaulowesha mto. Asubuhi alirekodi ujumbe wa kwanza, akataja jina la kitabu na mwandishi kama ilivyo ada. Halafu akarekodi wa pili.

"Wallahi huyu Sarhani amenipanda kichwani, na sitaki ashuke. Nikifumba macho namwona. Nikihesabu vidonge namsikia. Mwanamume akikujua hivi utamwacha uende wapi? Anayetaka kunitenganisha naye aje anizike kwanza."

Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake. Kuna mtu, hakujulikana ni nani, aliyeupenda ule ujumbe wa pili akausambaza peke yake. Ukatoka kundi la wasomaji ukaingia kundi la mapishi, ukatoka kundi la mapishi ukaingia kundi la akina mama wa madrasa ya Diani. Na ndani ya kundi hilo alikuwamo Bi Mwanasiti, mama yake Swabir, na Swabir ndiye aliyemposa Nadhira mwezi uleule.

Bara mtu akikwambia wimbo umempanda kichwani, utamwambia naye auimbe. Pwani neno hilo lina mwenyewe. Kichwani hupanda jini, na yule aliyepandwa huitwa kiti. Bi Mwanasiti alilijua hilo kuliko wengi, kwani mwenyewe alikuwa kiti tangu usichana wake. Jini wake alikuwa Mpemba, mzito wa sauti, na akipanda watu wote wa nyumba walikaa chini wakasikiliza. Basi mama huyu aliusikiliza ujumbe wa mkwe wake mtarajiwa mara tatu, akaitua simu, akasema, "Mahaba. Huyu binti ana jini mahaba."

Swabir alipiga simu jioni. Alikuwa fundi wa friji na viyoyozi katika mahoteli ya Diani, kijana mpole, mwenye tabia ya kucheka baada ya watu wote, kana kwamba mzaha umezungukia Kinango kabla ya kumfikia. Nadhira alimpenda kwa kicheko hicho hasa. Leo hakukuwa na kicheko.

"Mama ameisikia voisi yako," alisema.

"Ile ya kitabu?" Nadhira akacheka. Akacheka peke yake.

"Anasema nikaha isimame kwanza. Ijumaa atakuja mwenyewe kuzungumza na huyo bwana. Akitoka, sawa. Asipotoka, posa irudi."

"Swabir, huyo ni mtu wa kitabuni!"

"Nimemwambia. Anasema vitabu vya namna hiyo ndimo wanamojificha. Anataka uviache vyote, pamoja na lile kundi." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini huyo Sarhani... hakuna Sarhani mwingine?"

"Sarhani mwingine wa wapi?"

"Basi. Tutaonana Ijumaa inshallah."

Nadhira aliketi akiitazama simu. Alimtaka Swabir, hilo hakulificha hata mbele ya nafsi yake. Alimtaka kiasi cha kuona uchungu kifuani kila alipofikiria ile posa ikirudi na sahani zake. Lakini kuviacha vitabu, na lile kundi, na ile saa yake moja ya kuwa mtu anayesikilizwa? Hapo moyo uligoma kama punda.

Shangazi yake, Mbeyu, aliyemlea tangu mamake alipofariki, alikuwa anakuna nazi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Wewe umesoma vitabu vyote hivyo, na hujui kazi ya jini?" alisema. "Jini akipanda huulizwa jambo gani?"

"Jina lake na atokako."

"Halafu?"

"Anataka nini."

"Ehe!" Mbeyu akaigonga mbuzi kwa kiganja. "Na akisema, apewa. Mke akiomba, ataambiwa angoje. Jini haambiwi angoje. Mimi marehemu mume wangu nilimwomba kabati miaka, alikuwa kama kiziwi. Jini akaliomba mara moja tu, likaletwa na kioo chake. Mwanangu, mpe Sarhani ruhusa aseme. Akitaka vitabu, nani atamnyima?"

Nadhira alimkodolea macho. Ilikuwa hila, na ilikuwa nzuri. Siku zilizofuata alifanya mazoezi ya sauti nene bafuni, mpaka jirani akauliza kama wamepata mpangaji.

Ijumaa baada ya alasiri wageni wakafika. Nadhira akatoka na shikamoo, akainama kuubusu mkono wa Bi Mwanasiti. Mkono ukatolewa kwa ncha za vidole.

"Marahaba," alisema Bi Mwanasiti, akitazama mlango. "Ukumbi uko wapi?"

Swabir alikaa karibu na ukuta, viatu amevivua, magoti ameyakumbatia. Mbeyu akaleta makaa. Bi Mwanasiti akatoa chetezo chake mwenyewe ndani ya kikapu, na udi, na marashi, na shuka nyeupe iliyonyooshwa vizuri. Akamketisha Nadhira mkekani, akamfunika gubigubi. Moshi wa udi ukaingia chini ya shuka ukampalia, na kikohozi chake kikachukuliwa kuwa dalili.

"Asalaam alaykum, mgeni wetu," alisema Bi Mwanasiti. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. Ilikuwa laini na yenye adabu, sauti ya mtu anayemkaribisha kadhi.

Nadhira akashusha sauti ikawa nene. "Wa alaykum salaam."

"Jina lako nani, bwana mkubwa?"

"Sarhani."

"Mashallah. Umetoka wapi?"

"Shimoni. Pangoni."

"Una kwato au huna?"

Swali hilo Nadhira hakulitarajia, na kwa mhakiki lilikuwa donda. "Kwato ninazo," alinguruma, "ila kitabu cha tatu—" Akajiuma ulimi. Mbeyu akakohoa kwa nguvu kumfunika.

Bi Mwanasiti hakuona neno. "Karibu sana, bwana Sarhani. Tuwie radhi kama tumekukosea. Kiti chako ni msichana mzuri, na sisi tunataka kumwoza kijana wetu. Sema unalolitaka. Chochote utakachosema hapa, tutakitoa, na hakuna atakayekukatiza."

Hapo ndipo ilipokuwa zamu ya vitabu. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa tangu bafuni. Lakini Nadhira, chini ya ile shuka, alijikuta amekasirika. Alikuwa amekutana na mama huyu mara kadhaa tangu posa, na kila mara alipewa ncha za vidole. Hakuna aliyewahi kumwuliza anataka nini. Sasa kiumbe asiyejua hata kama ana kwato anaitwa bwana mkubwa, na anaombwa radhi! Tena akampima Sarhani na ndoa nzima iliyokuwa mbele yake. Leo ataomba vitabu. Kesho Nadhira akitaka kwenda kumtazama shangazi yake, itabidi Sarhani apande. Akitaka chumvi ipunguzwe, Sarhani. Atazeeka akizungumza na mumewe kwa sauti ya bafuni.

"Bwana Sarhani?" Bi Mwanasiti aliita. "Twakusikiliza."

Nadhira akaivua shuka. Nywele zilikuwa zimetimka, na macho yamewiva kwa moshi.

"Shangazi, nisamehe," alisema. "Mama, nawe nisamehe. Hakuna Sarhani. Ni mimi."

Mbeyu akajishika kichwa.

"Ni mimi ninayetaka," aliendelea Nadhira, na sauti ilimtetemeka, lakini ilikuwa yake. "Nataka kusoma vitabu vyangu. Nataka saa moja kila siku baada ya isha nisiitwe na mtu, hata kama maziwa yanamwagika. Nataka niseme nilichokisoma na watu wanisikie. Na nataka kuolewa na Swabir. Hilo nalitaka kuliko yote, mpaka sili. Lakini sitamsingizia jini. Nilitaka kumsingizia, nikaona aibu."

Makaa yalipasuka kidogo chetezoni. Bi Mwanasiti alikuwa ameshika chupa ya marashi, hajui aiweke wapi.

"Jini ningempa papo hapo," alisema polepole. "Hata nisingeuliza bei. Wewe nikupe kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimeomba, mama."

Bi Mwanasiti akamgeukia mwanawe. "Umemsikia?"

"Nimesikia."

"Basi mjibu. Si mimi niliyemposa."

Swabir aliyaachia magoti yake. "Asome," alisema. "Hiyo saa aichukue, na maziwa nitayatazama mimi." Akakuna shingo kwa haya. "Mimi jini sikumjali. Jini nilikuwa nimeshamkubali tangu juzi. Niliyekuwa nikimhofia ni Sarhani wa tuktuk, yule wa stendi ya Ukunda. Nimepanda tuktuk yake mara nne wiki hii nione ana nini."

Nadhira akacheka huku machozi yanamtoka. Mbeyu naye akaangua, akajifuta kwa upindo wa leso. Na baada ya wote kwisha kucheka, Swabir ndipo akacheka.

Bi Mwanasiti hakucheka. Alikuwa akikunja ile shuka, pembe kwa pembe, na mikono yake haikuwa na haraka.

"Marehemu baba yako alikuwa akimwogopa sana Mpemba wangu," alimwambia mwanawe. "Kila Shaabani Mpemba hupanda, husema, 'Kiti changu kipelekwe Wasini kwa dada yake, kikae siku saba.' Baba yako hakuwahi kukataa. Hata nauli akikopa, alinipeleka. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, sikuwahi kumwomba. Mpaka amekwenda zake, sikupata kujua kama mimi angenipa."

Nadhira akasogea mkekani, akakaa naye bega kwa bega, akaishika pembe ya pili ya shuka. Bi Mwanasiti hakumwondoa. Wakamaliza kuikunja pamoja, ikatiwa kikapuni.

"Swabir," alisema Bi Mwanasiti alipokwisha.

"Labeka, mama."

"Kesho nipeleke Wasini."

Swabir, kwa mazoea ya tangu utoto wake, alikaa vizuri na kuinamisha kichwa. "Mpemba amesema?"

"Hapana," alisema Bi Mwanasiti. "Ni mimi."

Swabir aliinua kichwa akamtazama mamake usoni. "Haya, mama," alisema. "Tutatoka mapema."