Upande wa Nje wa Minyaa

Mvua ilipokatika, Dorca alitoka kuanika dagaa wa omena nyuma ya nyumba yake, karibu na Katito, akaona kwamba kaburi la binti yake limechipuza. Kaburi lilikuwa nje ya ua wa minyaa. Lornah alikufa bila kuolewa, na desturi ya boma lile haimruhusu binti wa namna hiyo kulazwa ndani. Shina lilikuwa jekundu, nene kama mkono wa mtu mzima, na lilitokea upande wa kichwa.

Dorca alimaliza kutandaza omena, kisha akamwita shemeji yake, Mzee Ooko, mkuu wa boma.

"Hiyo ni uyoga," alisema Ooko.

"Ni Lornah."

"Sijakataa, Mama."

Lornah alikuwa amefanya kazi katika maabara moja ya Nyamasaria, akikuza kuvu zinazoua wadudu. Kuvu humwingia mdudu, humla kimya kimya, kisha huchipuza shina lenye mbegu kutoka mwilini mwake. Alipokuwa hai alimweleza mama yake kwamba nyingi kati ya kuvu hizo ni za jinsi mbili zilizotengana, na kwamba shina halizai mpaka jinsi hizo zikutane.

Shina lilipoanza kumwaga mbegu, Dorca alivaa kitambaa chake cha kanisani akasimama mbele ya wazee.

"Limezaa," alisema. "Basi alikuwa na mwenzake. Mleteni ndani."

Wazee waliona kuwa hoja hiyo ina uzito. Wakaagiza aitwe Amrit, aliyefanya kazi meza moja na Lornah. Dorca alimwandalia samaki, akamnong'oneza, "Mwanangu, sema ukweli, lakini ule unaosaidia."

Amrit alikagua shina kwa lenzi yake bila haraka.

"Daktari," Ooko aliuliza, "hii kitu inataka bwana ama haitaki?"

Amrit alimtazama Dorca, kisha akatazama chini. "Hii ni aina inayojitosheleza, Mzee. Pande zote mbili zimo ndani yake. Huzaa peke yake."

"Kwa hivyo hakuna bwana."

"Hakuna. Lakini hakupungukiwa na kitu."

"Hatukuuliza kama alipungukiwa."

Tangu siku hiyo, panzi wa boma walipanda minyaa kila jioni, wakayauma matawi na kufia hapo, vichwa vyao vikielekea nyumba. Nyuzi nyeupe za kuvu zilipita chini ya ua zikaingia bomani. Ooko alizichunguza, akaelewa kwamba Lornah anaingia. Akaamuru minyaa ing'olewe na kupandwa upya ndani zaidi, mbele ya nyuzi.

Kijana mmoja, huku akipangusa utomvu mikononi, aliuliza kama isingekuwa rahisi kuusogeza ua nje kidogo, kaburi liwe ndani.

"Rahisi si sheria," alisema Ooko.

Nyuzi zilisonga, na ua ukarudi nyuma. Zizi lilibaki nje, kisha ghala. Mvua za masika zilipoanza, ua ulipita mbele ya mlango wa Dorca, nyumba yake ikabaki nje. Ooko alikuja mwenyewe kumwarifu, kofia mkononi.

"Mama Lornah, hamia ndani. Tutakujengea."

Dorca aliendelea kugeuza omena. "Mimi niliolewa, Mzee. Ng'ombe wa mahari yangu mliwaleta wenyewe, mkiimba. Sasa niko upande gani?"

Ooko alivaa kofia yake. Kisha akawaagiza vijana wazibe pengo lililobaki.

Dorca alihamisha wavu wake wa omena mpaka kando ya shina, kwa sababu huko jua lilikaa zaidi. Kuku wake walimfuata.

Hatimaye ndani ya ua ilibaki nyumba ya Ooko peke yake. Jioni moja alifungua dirisha, na matawi ya minyaa yakagusa kitanda chake. Panzi walikuwa wamejipanga juu ya matawi hayo, wote wakitazama ndani. Aliwahesabu wachache, akaacha, akafunga dirisha. Ua ulikuwa imara, na Lornah alikuwa nje.