Gego la Sabuni

Treni ilikuwa imeshaanza kwenda, jukwaa la stesheni linarudi nyuma, ndipo mpwa wangu, binti wa dada yangu, akafungua mdomo.

"Mjomba, nadhani nimekosa."

Tangu atoke kwenye usaili wa chuo cha udaktari wa meno alikuwa kaukumbatia mkoba, mikono inanuka sabuni. Nilimsindikiza kwa amri ya dada yangu. Katika ukoo wetu mjuzi wa njia ni mimi, japo cheti sina hata kimoja.

Benchi letu lilikaliwa na watu watatu. Wa tatu alikuwa kijana wa miwani, naye katoka usaili huohuo, na hesabu alikuwa nazo vidoleni.

"Tumesailiwa tisini, nafasi thelathini. Kati ya kila watatu anapita mmoja."

Nikalitazama benchi. "Basi mimi nimeshajitoa. Mmebaki wawili."

Kijana akacheka. Mpwa wangu hakucheka. Maswali ya mdomo aliyajibu vizuri, akasema. Kilichomharibia ni jaribio la mikono. Kila mmoja alipewa kipande cha sabuni na kisu kidogo, achonge gego la chini lenye mizizi miwili. Zikiwa zimebaki dakika tano, mzizi mmoja ukakatika. Akanyoosha mkono, akamwambia msimamizi, kisha akakabidhi gego, na mzizi wake kando.

"Ukanyoosha mkono!" nikasema. "Mate yako yalikwenda likizo? Sabuni hiyo, mwanangu. Unailowesha, unabandika, unapita zako."

"Kweli, dada, umejiponza," akasema kijana.

Mpwa wangu akanigeukia bila hasira. "Mjomba, siku nikivunja mzizi ndani ya taya la mtu, nitaubandika kwa mate?"

Nimefanya uashi katika miji kumi na mitatu. Katika mmojawapo nilijenga ukuta ukapinda; nikaupiga lipu siku hiyohiyo, na kabla lipu haijakauka nilikuwa nimeshahama. Miaka yote nikiusimulia ukuta ule kama kichekesho. Sasa nikamtazama binti wa miaka kumi na tisa, malengelenge ya kisu vidoleni, aibu na fahari zikanijia kwa mpigo, nisijue nianze na ipi.

Kijana akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Wangu pia ulikatika."

"Najua. Nilikuwa nyuma yako."

"Mbona hukusema?"

"Ule ulikuwa wako kuusema."

Nikatoa mkate, nikaukata vipande vitatu. Tukala.

Matokeo yalitoka baada ya wiki sita. Kijana alichaguliwa. Mpwa wangu aliwekwa wa pili kwenye orodha ya akiba; aliyejitoa alikuwa mmoja tu. Dada yangu alilia siku mbili, akanilaumu mimi. Mwaka uliofuata binti alirudi peke yake, akasailiwa upya, akachaguliwa. Kijana aliacha chuo mwaka wa tatu. Sasa anafundisha hesabu sekondari, na wanafunzi wanampenda. Binti anatibu meno hospitali ya wilaya, chumba cha mwisho upande wa kushoto. Dada yangu humpelekea chakula cha mchana ila haingii, anaogopa mlio wa ile mashine ya kutoboa meno. Mimi naishi nao. Huu ni mwaka wa nne, sijahama.