Ngumi za Xiuhe

Mwandishi wa kumbukumbu za wilaya alipofika Yongchun, Mwalimu Zheng Baiyan alikuwa na miaka sabini na miwili, na magoti yalishamgomea. Wanafunzi wake wa ngumi walimketisha uani, wakasimama nyuma yake vifua mbele.

"Mwalimu, mtindo huu wa kupigana kama korongo mweupe aliuanzisha nani?"

Kuang, mwanafunzi mkubwa, alidakia. "Mtawa wa mlimani. Aliota korongo akipambana na nyoka. Wilaya nzima inajua."

Ilijua kwa sababu Baiyan mwenyewe alikuwa ameisimulia hadithi hiyo kwa miaka arobaini.

"Hapakuwa na mtawa," alisema mzee. "Alikuwa dada yangu, Xiuhe."

Mtu akacheka, kisha akajikohoza.

Baiyan hakunyamaza. Xiuhe alifungwa miguu vitambaa tangu ana miaka mitano ili isikue, kama ilivyokuwa desturi kwa wasichana, akawa hawezi kutanua hatua kama wanaume. Basi akabuni hatua fupi, na viganja vinavyopiga kwa kufyatuka kama mbawa za makorongo ya mashambani. Baiyan aliporudi nyumbani amevimba uso kwa kipigo cha vijana wa ukoo wa Pan, Xiuhe ndiye aliyemfundisha. "Usisukumane naye, we kichwa ngumu! Mwache aje. Akishafika, wewe hupo."

Majambazi waliposhuka bondeni, Xiuhe alishika mpiko wa kubebea maji, akasimama darajani. "Mbebe mama! Kimbia, mimi nakuja." Baiyan akambeba mama, akakimbia. Hakurudi mpaka moshi wa nyumba zilizochomwa ulipokwisha. Alimkuta dada yake chini ya daraja, majini.

"Nilipofungua shule, wanaume walinicheka. Ngumi za mwanamke? Nikamtunga mtawa. Shule ikajaa."

Mwandishi aliweka kalamu chini. "Mzee, niandike hivyo?"

Kuang alipiga magoti. "Mwalimu, nakusihi. Wale Pan watatutania mpaka tuhame. Wanangu nimewalea na habari za yule mtawa. Nikawaambie nini?"

Baiyan alizitazama nyuso alizozilea mwenyewe. Hakuna hata moja iliyomtazama. Akataka kusema tena jina la dada yake, akainamisha kichwa. Mwandishi akangoja kidogo, kwa adabu, kisha akachovya kalamu na kuandika habari za mtawa.

Siku ya tatu mzee aliomba apelekwe kilimani. Kuang alimbeba mgongoni bila kuuliza, jasho likimtoka, mpaka pale walipozikwa mabinti waliokufa bila kuolewa. Hapakuwa na mawe wala majina. Matuta matatu tu, yameota nyasi.

"Ni lipi, Mwalimu?"

Baiyan alitazama moja, akatazama jingine. Alikuwa hajafika pale tangu mama yake afariki.

"Sijui," alisema, akaanza kulia. "Kuang, sijui."

Wakagawa ubani kwenye matuta yote matatu.