Mahindi ya Posa

Siku ile mpumbavu alikuwa Floribert mwenyewe, na hakutafuta mtu wa kumsaidia kuubeba upumbavu huo. Bwana harusi akienda kuposa hana mdomo. Anakaa, anaangalia viatu vyake, na msemaji wake ndiye anayesema. Jambo hilo linajulikana kuanzia Bagira mpaka Katana, na Floribert alilijua vizuri. Akafungua mdomo.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, kule Bagira, nyumbani kwa maman Madeleine, mama yake Yolande. Floribert alivaa abacost mpya, lile koti la serikali lisilo na tai, iliyomkaba shingo kama mtu anayemdai. Rafiki yake Gaston, ndiye msemaji, alikuja na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Na Floribert alikumbatia kopo kubwa la mbegu za mahindi kutoka kwenye depo ya mbegu alikofanya kazi, karibu na soko la Nyawera. Mahindi ya hybride, yale chotara, yenyewe kabisa, yamepakwa dawa nyekundu ya kuzuia wadudu.

Vitu vya posa huwekwa chini katikati ya sebule. Familia ikikubali, msichana anavibeba mwenyewe mpaka jikoni. Isipokubali, vinabaki pale pale vikikodolewa macho, na wageni wanarudi navyo njia nzima. Floribert alikuwa amemsubiri Yolande tangu msichana huyo alipokuwa bado anasomea ualimu. Hakuwa na hamu ya kurudi na kopo.

Aliyeketi kwenye kiti kikubwa alikuwa Barthélemy, ndugu wa marehemu baba yake Yolande, yaani tonton wake. Mzee mwenye pua ndefu, iliyoingia sebuleni kwanza, naye akaifuata.

Gaston alisema maneno yake, akayasema vizuri. Kasiksi ikasifiwa. Kisha maman Madeleine akafunua kopo, akashika punje moja.

— Eh, mahindi inapaka rouge ya mudomo kama banamuke ba mu bar!

Jikoni watu wakacheka. Maman akaendelea kwa sauti nzuri tu:

— Mutoto wangu, hii tutavuna, halafu mwaka yenye kuya tutaipanda tena?

Gaston alitaka kujibu kwamba itaonekana. Lakini Floribert, mtu wa depo, alisikia swali la kazi.

— Hapana, maman. Hii iko ya mara moja tu. Ukiipanda mara ya pili, batoto yake haifanane na mama.

Kiatu cha Gaston kilimkanyaga. Kilikuwa kimechelewa. Kwenye posa, mbele ya mama mkwe, Floribert alikuwa ameleta mbegu isiyo na uzao wa kuaminika, na akaeleza mwenyewe.

Barthélemy aliinama polepole, pua mbele.

— Tunakupa mutoto mwanamuke ili azae. Wewe unatuletea yenye haizae.

— Tonton, inazaa sana! Shina moja inabeba mahindi mbili, kubwa kama mukono. Haya ya kwenu panya inapita inayahurumia.

— Tutakula hii yenye iko mu kopo?

— Hapana, tonton. Hii iko na dawa, itakuua.

— Haizae, hailiwe. Sasa iko zawadi ao iko mapambo?

Jikoni wakacheka mpaka sufuria ikaanguka. Floribert angeweza kuomba radhi. Gaston alimwomba kwa macho, akamwomba na kwa kiatu. Lakini maisha yalikuwa yamemchapa Floribert mara nyingi, na kitu kimoja alichojifunza ni kutolia kabla ya fimbo.

— Sitaliondoa kopo pale, tonton. Mwaka uliopita maman alipanda shamba nzima, akavuna kapu moja. Mimi nilibeba ile kapu, nikaibeba na mukono moja. Nimeleta yenye itajaza nyumba. Mukikataa, mukatae mimi. Mahindi haina kosa.

— Na mwaka yenye kuya?

— Munakuya ku depo.

— Depo ikifunga? Barabara ikikatika? akauliza Barthélemy, akisimama. Kijana, sikia. Wakubwa wa serikali walitubadilisha majina, tukanyamaza. Wakabadilisha jina ya muto, ya inchi, tukapiga mikono. Mahindi tu ndiyo waliisahau. Sasa wewe unakuya na abacost yako kutubadilishia hata mahindi!

Neno lile lilikuwa kweli, na Floribert alilijua. Akaangalia viatu vyake, kama alivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Kopo likakaa chini. Hakuna aliyeligusa.

Ndipo Yolande akatoka jikoni, mikono bado na unga. Hakumwangalia Floribert. Aliinama, akalitia kopo kwenye kiuno chake kama anavyobebwa mtoto.

— Yolande, weka ile kitu chini! akasema Barthélemy.

— Siweke, tonton. Mbegu ya mama nitaifunga juu ya moshi, kama siku zote. Nitaipanda upande wa juu ya shamba, nitaitunza. Hii nitaipanda upande wa chini, tukule tushibe. Siku depo itafunga, ya mama itakuwa iko. Kisha akamgeukia mposaji wake, akasema: Na wewe, kama unafikiri nitapanga mustari mbele ya depo yako kila Septemba, ulikosea nyumba. Unasikia?

— Nasikia, akasema Floribert, na akafurahi kama mtu aliyesifiwa.

Yolande akaenda na kopo. Alipofika kwenye mlango wa jikoni, Barthélemy akamtupia neno la mwisho, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani:

— Iko laana ile! Na wewe ukizaa batoto benye habafanane na sisi?

Yolande akageuka, akamwangalia kuanzia kipaji cha uso, akashuka taratibu na pua yote mpaka mwisho wake.

— Tonton, kamata kwanza kioo, ujiangalie muzuri. Halafu urudi uniambie kama iko laana ao iko baraka.